Deni la Mume, Mali ya Mke

Mwezi Agosti 1853, katika mahakama ya mashauri madogo ya Westminster, jijini London, fundi wa magari ya farasi alimdai mwanamume aitwaye George Norton malipo ya matengenezo ya gari. George hakuwa amelipanda gari hilo. Lilikuwa la mkewe, Caroline, ambaye alikwisha kutengana naye miaka 17 nyuma. Lakini fundi hakuwa na namna ya kumshtaki Caroline. Kwa sheria ya Uingereza ya wakati ule, mwanamke aliyeolewa hakumiliki mali wala hakuweza kufunga mkataba, na asiyeweza kufunga mkataba hadaiwi. Aliyetakiwa kujibu ni mume.

Caroline mwenyewe ndiye aliyewaelekeza wadai wake huko. Alikuwa mwandishi mashuhuri, mjukuu wa Richard Brinsley Sheridan aliyeandika tamthilia, na kalamu yake ilimpatia fedha nzuri. Mwaka 1848 mumewe alihitaji kukopa kwa dhamana ya mali iliyowekwa amana kwa ajili ya mke na watoto. Hakuweza kufanya hivyo bila ridhaa ya Caroline. Wakaandikiana: mke akubali mkopo, naye mume ampe pauni 500 kila mwaka. Caroline akatia saini. Miaka michache baadaye mama yake akafariki na kumwachia pato la kila mwaka. George akaona mke sasa ana chake, akapunguza fedha na kisha akazikata kabisa. Caroline alipomwonyesha karatasi waliyoandikiana, alijibiwa kuwa haina nguvu. Mume na mke kisheria ni mtu mmoja, na mtu hafungi mkataba na nafsi yake.

Siku ya shauri, Caroline alikuta hata wenye benki yake na wachapishaji wa vitabu vyake wameitwa kuja kueleza fedha zake, kwani George alidai kuwa alichokiandika mke ni mali ya mume. Mke na mume wakarushiana maneno mbele ya umati, magazeti yakaandika. Mwishowe fundi alishindwa, maana ilionekana deni la gari liliingiwa wakati George bado anatoa zile fedha, na mume aliyempa mke fedha za matumizi hakubanwa na deni lake. Caroline alitoka mahakamani akiwa na aibu mkononi, na akilini akiwa na swali ambalo halikumwacha tena: ndoa ikishavunjika, deni ni la nani, na mali ni ya nani?

Historia ya swali hilo ni historia ya ndoa yenyewe. Tumezoea kusema kwamba umaskini ukiingia mlangoni, mapenzi hutokea dirishani. Kuna jambo tunalolisahau: mlango huo una bawabu, naye ni sheria. Sheria ndiyo inayoamua deni la mmoja litambebesha nani mzigo, na nani atatoka nje ya nyumba akiwa na godoro lake na nani atatoka mikono mitupu.

Wawili wakawa mmoja

William Blackstone, mwanasheria wa Oxford, alipoanza kuchapisha maelezo yake ya sheria za Uingereza mwaka 1765, aliiandika kanuni hii kama jambo la kawaida: kwa ndoa, mume na mke huwa mtu mmoja mbele ya sheria, na nafsi ya mke husimamishwa kwa muda wote wa ndoa. Kwa vitendo maana yake ilikuwa hii. Fedha, samani, mapambo, nguo na mshahara wa mke vilikuwa vya mume tangu siku ya harusi. Ardhi ya mke mume hakuweza kuiuza bila ridhaa yake, lakini aliisimamia na kula kodi yake. Mume akidaiwa, wadai wake waliingia nyumbani na kubeba chochote, hata kabati aliloachiwa mke na mama yake mzazi. Kabati halikuwa tena la mke.

Kwa upande wa pili, mume aliyachukua madeni yote ambayo mke alikuwa nayo kabla ya ndoa. Mjane aliyeachiwa madeni na marehemu alikuwa mzigo kwa mchumba. Hapo ndipo watu walipobuni desturi ya kusikitisha, iliyoonekana Uingereza na katika makoloni yake ya Marekani: bibi harusi alifungishwa ndoa akiwa amevaa shimizi tu, wakati mwingine bila viatu. Waliamini kuwa mume akimpokea mke bila kitu mwilini ila shimizi, hakupokea mali yoyote kutoka kwake, kwa hiyo wadai wa zamani hawana la kumwambia. Fikiria baridi ya nchi ile, na mwanamke mtu mzima amesimama mbele ya padri na majirani katika vazi la kulalia, ili kila jicho lishuhudie kwamba hana kitu.

Wengine walikwenda Fleet. Fleet ilikuwa jela ya London, na wafungwa wake wengi walikuwa wadaiwa. Mapadri waliofilisika walifungisha ndoa za haraka ndani na pembeni ya jela hiyo. Mwanamke aliyeandamwa na wadai aliweza kwenda kuolewa na mwanamume aliyekwisha kufungwa kwa deni. Kuanzia hapo, mdai aliyebisha hodi alionyeshwa cheti cha ndoa na kuambiwa akamdai mume. Mume yuko jela tayari, hana cha kuchukuliwa. Bunge lilizima ndoa hizo kwa sheria ya mwaka 1753.

Matajiri walikuwa na njia yao. Baba mwenye mali aliyemwoza binti yake aliweka mali ya binti katika amana, chini ya wadhamini, ili mkwe asiiguse. Mahakama iliyoshughulikia amana hizo ilikubali kuongeza hata sharti kwamba mke mwenyewe asiweze kuuza wala kuweka rehani pato lake la mbele, asije mume akamlainisha kwa mabembelezo au kwa kipigo. Wazee hao walikuwa wakiwaogopa wadai wa wakwe zao. Binti wa tajiri alilindwa kwa gharama ya mawakili na mihuri. Binti wa mfua nguo hakuwa na wa kumwandikia amana.

Familia ndani ya jela

Deni la mume lilivyoingia katika familia tunaweza kuliona kwa karibu katika nyumba moja ambayo habari zake zimehifadhiwa vizuri. Mwaka 1824, John Dickens, karani katika ofisi ya malipo ya jeshi la majini, alikamatwa kwa deni la pauni 40 na shilingi 10 alilodaiwa na mwoka mikate. Mkewe, Elizabeth, alikuwa amekwisha jaribu kuokoa jahazi: alipanga nyumba, akapachika kibao cha shaba mlangoni kutangaza shule ya watoto. Hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyekuja. Vitabu na vyombo vya nyumbani vikaanza kwenda duka la rehani kimoja kimoja, na aliyetumwa kuvipeleka alikuwa mtoto wao Charles.

John alipelekwa jela ya Marshalsea. Elizabeth hakuwa amehukumiwa, kwani sheria haikumhesabu kuwa mdaiwa. Lakini alikuwa na watoto wadogo, na nyumba haikukalika tena. Akafunga virago, akawachukua wadogo, akahamia jela na mumewe. Charles, aliyetimiza miaka 12 mwezi huohuo wa Februari, alibaki nje akibandika lebo kwenye vikopo vya rangi ya viatu katika kiwanda kando ya mto Thames, kwa shilingi chache kwa wiki. John alitoka Mei mwaka huohuo, baada ya mama yake mzazi kufariki na kumwachia urithi. Mtoto yule ndiye Charles Dickens, mwandishi wa riwaya, na jela ya wadaiwa haikutoka katika vitabu vyake hadi mwisho wa maisha yake.

Ndoa ya John na Elizabeth haikuvunjika. Na wangetaka kuivunja, wasingeweza. Kabla ya 1857, talaka kamili ya kumruhusu mtu kuoa au kuolewa tena ilihitaji sheria maalumu ya Bunge. Kwa karibu karne mbili zilipitishwa sheria hizo zaidi kidogo ya 300, na wanawake waliofanikiwa kuzipata walikuwa wanne tu. Talaka ilikuwa bidhaa ya matajiri. Maskini walitengana kimya kimya, na hapo ndipo uovu wa sheria ulipoonekana. Mwanamke aliyetelekezwa alijitafutia kazi, akanunua vyombo, akafungua kibanda. Siku moja mume anarudi, au mdai wa mume anabisha hodi. Vyote vinabebwa kihalali, kwa sababu mume yule, hata awe amekimbia miaka kumi, bado alikuwa ndiye mwenye mali.

Mwaka 1856, London na Unguja

Mwezi Machi 1856, Bunge la Uingereza lilipokea ombi lenye saini zaidi ya 26,000. Barbara Leigh Smith, mwanamke kijana aliyekuwa ameandika kijitabu kueleza kwa lugha nyepesi sheria zinazowahusu wanawake, ndiye aliyeongoza kazi ya kuzikusanya. Waandishi Elizabeth Gaskell na Elizabeth Barrett Browning walitia saini. Walichoomba ni kitu kidogo sana: mwanamke aliyeolewa amiliki mshahara wake na mali yake.

Mwaka huohuo, mwezi Oktoba, Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar, alifariki baharini akitoka Omani. Binti yake mmoja, Sayyida Salme, alikuwa na umri wa miaka 12. Akatangazwa kuwa mtu mzima, akapewa fungu lake la urithi: fedha, na shamba lenye nyumba yake. Lilikuwa lake. Kwa sheria ya Kiislamu iliyofuatwa pwani, hata angeolewa kesho yake, shamba lile lisingekuwa la mumewe, wala mdai wa mumewe asingekuwa na haki ya kuligusa.

Tusipambe historia. Mashamba ya Unguja yalilimwa na watumwa, na mtumwa mwanamke hakurithi shamba la mtu. Wala haki iliyoandikwa haikumfikia kila mwanamke huru. Kaka na wajomba wengi walikula mafungu ya dada zao. Lakini kama kanuni ya sheria, jambo hili ni la kutafakari. Mke wa mwambao, kuanzia Lamu hadi Kilwa, alikuwa na mfuko wake mbali na mfuko wa mume. Tena mume ndiye aliyekuwa mdaiwa wake. Mahari, au sehemu yake iliyoahirishwa, ni deni linalomkaa mume shingoni. Akitoa talaka, hulilipa. Akifa, hulipwa pamoja na madeni yake mengine kabla warithi hawajagawana hata kikombe. Na katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, mume akifilisika hata akashindwa kabisa kumtunza mke, mke aweza kwenda kwa kadhi kuomba ndoa ivunjwe.

Waingereza walipokuja kutawala mwambao mwishoni mwa karne ya 19, walijiona wamebeba nuru kwa wanawake wa huku. Lakini mwaka ule wa 1856, binti wa miaka 12 wa Unguja alimiliki mali kwa namna ambayo Caroline Norton, mwenye umri wa miaka 48 na vitabu vingi kwa jina lake, alikuwa bado anaiomba.

Sheria inayorekebishwa kwa viraka

Bunge halikukubali ombi la saini 26,000, ila lilitoa kipande. Sheria ya ndoa ya mwaka 1857 iliunda mahakama ya talaka, ikaanza kazi mwaka uliofuata. Mizani haikuwa sawa: mume alihitaji kuthibitisha zinaa ya mke tu, lakini mke alitakiwa kuthibitisha zinaa ya mume pamoja na kosa jingine, kama ukatili au kumtelekeza kwa miaka miwili. Tofauti hiyo ilidumu hadi 1923. Hata hivyo ndani ya sheria ile kulikuwa na kifungu kilichogusa maelfu ya wanawake wasiokuwa na haja ya talaka. Mke aliyetelekezwa bila sababu aliweza kwenda kwa hakimu na kupewa amri ya kulinda alichokichuma tangu kuachwa. Amri ilimzuia mume, na iliwazuia wadai wa mume. Aliyekaidi na kuchukua kitu alitakiwa kukirudisha, na juu yake alipe mara mbili ya thamani yake.

Mwaka 1870 mke alipewa haki juu ya mshahara wake na akiba yake ya benki. Lakini watunga sheria walifanya kosa ambalo linaonyesha jinsi deni lisivyotaka mchezo. Walimwondolea mume madeni ya mke ya kabla ya ndoa, huku mali nyingine nyingi za mke zikiendelea kuwa za mume kama zamani. Matokeo yake? Mwanamke mwenye duka na madeni aliweza kuolewa leo. Kesho bidhaa za duka zimekuwa za mume, na mume hadaiwi kitu. Wafanyabiashara walipiga kelele, nao walikuwa na haki. Mwaka 1874 Bunge likarudi kushona kiraka: mume atalipa madeni hayo kwa kiasi cha mali aliyoipokea kwa mke.

Kisha ikaja sheria ya mwaka 1882 ya mali ya wanawake walioolewa, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1883. Mke sasa alimiliki mali, akafunga mikataba, akashtaki na kushtakiwa kana kwamba hakuolewa. Caroline Norton hakuiona siku hiyo. Mumewe alifariki 1875, yeye akaolewa tena mwaka 1877, na mwaka huohuo naye akafariki.

Ndani ya sheria hiyo yamo mambo mawili ambayo hayatajwi sana, nayo ndiyo kiini cha habari yetu. La kwanza, mke anayefanya biashara yake mbali na mume aliweza sasa kutangazwa mufilisi kama mfanyabiashara mwingine yeyote. Haki ya kumiliki ilikuja imeshikana mkono na hatari ya kufilisika. Huwezi kupewa moja ukaikataa ya pili. La pili, mke aliyemkopesha mume fedha za biashara, mume akafilisika, alisimama mwisho wa mstari. Wadai wa nje walipwe kwanza, na kikibaki kitu ndipo mke alipwe. Wabunge walihofia kuwa mume mjanja angeficha mali kwa mkewe na kusema ni deni. Hofu hiyo haikuwa ya bure. Lakini mke mwaminifu aliyetoa akiba yake yote kuokoa duka la mume alilipa gharama ya ujanja wa wengine.

Sheria ya London yahamia Nairobi

Waingereza walipoanzisha utawala wao Afrika Mashariki, walitangaza kwamba sheria zao za jumla zilizokuwa zikitumika kwao hadi tarehe 12 Agosti 1897 zitatumika huku pia, pale zinapofaa. Sheria ya 1882 ilikuwa ndani ya mfuko huo. Ilikaa humo kimya miaka mingi, mpaka ndoa za mjini zilipoanza kuvunjika na watu kugombea nyumba zilizonunuliwa kwa mikopo.

Mwaka 1971 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua, katika shauri linalojulikana kwa herufi tu, I dhidi ya I, kwamba sheria ile ya Waingereza inawahusu wake wa Kenya. Hivyo mke wa Nairobi, katika taifa huru, akabebwa na sheria iliyozaliwa kwa ajili ya akina Caroline. Ilimsaidia, kwa kuwa ilitambua kuwa ana mali yake. Lakini haikutungwa kugawanya mali baada ya talaka. Iliuliza tu: hiki ni cha nani? Jibu mara nyingi lilitoka kwenye risiti na hati. Mke aliyelipa ada za shule na kununua unga, ili mshahara wa mume ulipe mkopo wa nyumba, alifika mahakamani bila risiti ya nyumba.

Mwaka 1991, katika shauri la Kivuitu, Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa kazi ya mke nyumbani nayo ni mchango. Mwaka 2007, katika shauri la Echaria, mahakama hiyohiyo ilirudi nyuma, ikataka mchango wa fedha, ikasikitika kwamba Bunge la Kenya halijatunga sheria yake. Ndipo ikaja Katiba ya 2010 iliyotamka usawa wa wanandoa, na Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013, iliyoizika rasmi ile ya 1882. Sheria mpya inahesabu kupika, kulea watoto na kukaa na mwenzako kuwa mchango. Inakataza nyumba ya ndoa kuwekwa rehani bila ridhaa ya wote wawili. Na juu ya madeni inasema wazi: deni lililoingiwa kwa faida ya ndoa ni la wote. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ikaongeza kwamba usawa huo hauna maana ya nusu kwa nusu moja kwa moja. Kila mmoja aonyeshe mchango wake.

Tanzania Bara ilichukua njia fupi zaidi. Mwaka uleule wa 1971, tarehe 1 Mei, Sheria ya Ndoa ilianza kutumika, moja kwa watu wa dini na makabila yote. Kifungu cha 59 kilikataza mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Kifungu cha 114 kilizipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja, na kiliagiza pia kuangalia madeni ambayo kila mmoja aliyaingia kwa faida ya wote.

Mwaka 1983, Mahakama ya Rufani, kwa kalamu ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilijibu katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu kwamba kazi za nyumbani za mke ni juhudi zinazohesabika. Uamuzi huo unasomwa na kila mwanafunzi wa sheria nchini. Wachache hukumbuka mwisho wake. Mume alikuwa amempa Bi Hawa fedha za kufungua genge, na mahakama iliona kuwa aliziharibu fedha hizo, kwa hiyo fungu lake lilikwisha liwa. Alishinda kanuni kwa ajili ya wanawake wa nchi nzima, yeye mwenyewe akaondoka bila mgao. Biashara iliyokufa iliingia kwenye hesabu ya ndoa kama ingiavyo nyumba.

Siku ya marejesho

Leo deni lina sura nyingine. Saa nne asubuhi, akina mama wamekaa kwenye mikeka barazani. Afisa mikopo ana daftari mapajani. Majina yanaitwa, noti zilizokunjwa zinatoka kwenye pindo za khanga. Jina moja linaitwa, hakuna sauti. Wenzake wanatazamana, kwa maana wao ndio wadhamini wake, na asipoleta watalipa wao. Baadaye kidogo wanainuka kwenda kwake. Jioni mume anarudi kazini, anakuta sebule tupu: runinga imekwenda, kochi limekwenda, jiko la gesi limekwenda. Ndiyo mara ya kwanza anasikia kuwa nyumbani kwake kulikuwa na mkopo. Watanzania wameipa mikopo ya namna hiyo jina linalostahili: kausha damu. Talaka ngapi zimetamkwa katika sebule tupu kama hiyo, kila mtaa una hadithi zake.

Na kuna upande wa pili. Mume anakwenda benki, anaapa katika hati ya kiapo kuwa hajaoa, au anakuja na mwanamke mwingine kutia saini ya mke. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 inadai ridhaa ya mwenzi ndipo rehani ya nyumba ya ndoa iwe halali, na mkopeshaji anatakiwa achukue hatua za kujua kama mkopaji ana mwenzi. Lakini mke anayajua hayo siku dalali anapobandika tangazo la mnada ukutani. Anakimbilia mahakamani na cheti cha ndoa mkononi, watoto nyuma yake, kuanza kuthibitisha kuwa yeye ni nani katika nyumba aliyoifagia miaka 20.

Wapo wanaosema dawa ni wanawake wasikopeshwe, au mke asimiliki chake. Karne mbili za habari hii zinawakanusha. Nyumba ya Elizabeth Dickens haikuokolewa na sheria iliyomfanya mke asidaiwe. Alilala jela vilevile. Mke aliyenyimwa mali hakuepushwa na deni, alinyimwa ngao tu. Mwanamke wa leo anaweza kukopa, kudaiwa na kufilisika kwa jina lake mwenyewe, na hiyo ni sehemu ya utu uzima ambao sheria ilimnyima kwa muda mrefu. Kinachoiua ndoa katika visa hivi viwili ni siri: saini iliyotiwa gizani, ambayo mwenzako anaiona kwa mara ya kwanza mikononi mwa mdai.

Kwa hiyo, msomaji wangu uliye kwenye ndoa, chukua hati ya nyumba mnayoishi uione kwa macho yako. Tazama ina jina la nani. Kama mmejenga wawili, iwe na majina mawili. Kama kuna mkopo, ujulikane kwa wote wawili, kiasi chake, riba yake na dhamana yake, kabla ya wino kukauka. Karatasi ya mkopo usiyoielewa usiitie saini, hata akiileta unayempenda, hata akikuomba usiku. Caroline Norton alitia saini mwaka 1848 kwenye karatasi ambayo sheria ilikataa kuitambua, akapoteza. Karatasi yako wewe sheria inaitambua. Isome.